Semeni na Tonge la Siri

Paukwa!

Pakawa!

Mbona wa kule nyuma hamkuitikia? Asiyeitikia ana lake moyoni. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia wote. Wewe uliyekaa karibu na chungu changu, sogea kidogo. Sikushuku, baba, lakini sogea.

Hapo zamani za kale, kabla bibi yake bibi yangu hajaota meno, palikuwa na kijiji cha wafuga farasi. Jina lake sitalitaja, maana wajukuu zao wapo na wanajua kukasirika. Katika kijiji hicho aliishi mjane mmoja akiitwa Bi Zuwena. Alikuwa na binti mmoja tu, Kibibi, na zizi la farasi, na pua. Pua hiyo! Ukimpa maji, hunusa kwanza. Ukimpa uji, hunusa. Ukimpa salamu, karibu anuse.

Na mgeni akipiga hodi, Bi Zuwena huuliza maswali matatu, hapunguzi wala hazidishi:

"Nani kaja? Kaja na nini? Kaja kwa nini?"

Watu wakimcheka. Lakini siku moja alikuja mchuuzi na magunia ya chumvi nyeupe, rahisi kuliko chumvi yoyote. Watu mbio na vikapu! Bi Zuwena akachota konzi moja, akaitia ndani ya kata ya maji, akakoroga. Koro, koro, koro. Chumvi kidogo ikayeyuka. Mchanga mweupe ukabaki chini. Mchuuzi alikimbia akaacha kiatu kimoja. Tangu siku hiyo, neno likiwa zito, watu husema, "Kamuulizeni Bi Zuwena." Na yeye akajua kwamba pua yake haikosei. Hapo ndipo mambo yalipoharibikia, lakini tusiharakishe.

Sasa sikilizeni habari ya kisima.

Vijiji vilikuwa vitatu na kisima cha kiangazi kimoja. Kila mwaka, mtama ukishavunwa, vijiji vilishindana kwa farasi. Kutoka kisimani hadi kwenye kichuguu kikubwa na kurudi, mara tatu. Kijiji kinachoshinda hunywesha mifugo yake asubuhi, maji yakiwa maangavu. Cha pili hunywesha adhuhuri. Cha mwisho hunywesha jioni, na kwato za wenzake zimekwisha kuyavuruga. Hicho hunywa tope mpaka mvua irudi. Ndama wanakufa, watoto wanaharisha. Kwa hiyo mbio zile hazikuwa mchezo.

Bi Zuwena alikuwa na farasi jike mwenye nasaba akiitwa Zabibu, binti Lulu, binti Rehani aliyevuka bahari. Nasaba ya farasi wake aliijua kuliko watu wengine wanavyojua ya baba zao. Zabibu akashika mimba, akazaa mtoto jike, mwekundu, na mtoto akatanguliza miguu ya nyuma.

Lo! Maneno yakaanza.

"Kigego huyo!"

"Atatuletea balaa!"

"Mtupeni porini!"

Bi Zuwena akamfuta mtoto kwa upindo wa kanga yake. Akasema, "Jina lake Semeni. Haya basi, semeni."

Semeni akakua. Miguu mirefu, kifua kipana, masikio yanayogeuka huku na huku. Mbio zake za kwanza, nitasema ukweli, zilikuwa aibu. Wenzake walipotoka, yeye aligeuka nyuma kuwatazama watazamaji. Akafika wa mwisho, akitembea kama anayekwenda kuchuma mboga. Mwaka ule kijiji kilikunywa tope, na mpanda farasi wa zamani akasusa.

Mwaka huohuo kijana mmoja akaja kumposa Kibibi. Jina lake Makame, na alitoka Kijiji cha Juu. Kijiji cha Juu! Walewale waliokunywa maji maangavu.

Bi Zuwena akamkazia macho. "Nani kaja? Kaja na nini? Kaja kwa nini?"

"Ni Makame, mama. Nimekuja na mahari. Nimekuja kwa sababu nampenda Kibibi."

"Na farasi wangu?"

"Farasi sikumfuata. Lakini nimemwona. Yule hakushindwa mbio, mama. Alivutwa mdomo kwa hatamu, ndiyo maana akageuka."

Bi Zuwena hakupenda jibu, kwa kuwa lilikuwa la kweli. Kibibi akaolewa. Makame akahamia, akapewa Semeni. Alikuwa na mikono miepesi. Hatamu aliishika kama mtu ashikaye uzi wa kusuka. Mtama alimwekea farasi kwenye chano cha mti, si mkononi. "Farasi akizoea kula mkononi," alisema, "kila mkono atauona chakula."

Mwaka wa pili ngoma ikalia, farasi wakatoka. Kwatu-kwatu, kwatu-kwatu, kwatu-kwatu! Semeni huyo! Kwenye kichuguu wa tatu, kisimani wa pili. Kichuguu tena, wa kwanza! Akamaliza mbio wenzake wakiwa bado wanakula vumbi. Mwaka wa tatu, kwatu-kwatu, Semeni huyo! Mwaka wa nne, Semeni huyo! Wazee wa Kijiji cha Juu wakamkagua toka masikioni hadi kwenye kwato, wakafungua nywele za shingo wakitafuta dawa. Hawakukuta kitu ila jasho.

Kijiji kikanenepa. Ng'ombe wakang'aa. Na Semeni akawa farasi wa kila mtu. Akipita njiani, wanawake wanapiga vigelegele.

Mwaka wa tano alishinda, lakini alishinda kwa pua tu. Na alipovuka kisima, miguu ikakunjika. Akalala chini, akagaagaa. Akageuza shingo kutazama ubavu wake, akagaagaa tena. Tumbo, gru, gru, gru! Jasho likamtoka hata mgongo ukawa mweusi.

Jamani, mnajua jambo hili? Ng'ombe hucheua. Mbwa hutapika. Farasi, kilichoingia hakirudi. Tumbo likimsokota, ama lifunguke, ama afe.

Makame alimwinua. Akamtembeza, akamtembeza, tangu adhuhuri hadi alasiri ikaisha, akimwimbia sikioni. Tumbo likafunguka. Semeni akapona. Bi Zuwena aliyatazama yote yale, machozi yakimtoka kwa hofu, na moyoni maswali yakaanza kumla. Nani kaja? Kaja na nini? Kaja kwa nini?

Mwaka mzima alimchunguza mkwewe. Makame akicheka, anacheka nini? Akinyamaza, anaficha nini? Akienda Kijiji cha Juu kumzika shangazi yake, Bi Zuwena alihesabu siku alizokaa huko, akaona zimezidi. Kibibi akamwambia, "Mama, mume wangu anakupenda." Bi Zuwena akajibu, "Mchanga nao ulikuwa mweupe."

Mtama ukavunwa. Zikabaki siku kumi kabla ya mbio za mwaka wa sita. Adhuhuri moja, watu wamejilaza kukwepa jua, Bi Zuwena akaingia zizini kwa kunyata. Akamkuta Makame ameinama juu ya chano cha Semeni. Viganja vyake viwili vimejaa kunde zilizopikwa.

Kunde! Chakula kinachojaza tumbo hewa kuliko vyote!

"Mama, nimezikuta humu. Nilikuwa nazitoa."

"Kila mwizi akikutwa, alikuwa anarudisha."

"Wallahi, mama, sijui nani kaziweka."

"Mimi najua. Mtu wa Kijiji cha Juu ni mtu wa Kijiji cha Juu. Nimemweka nyoka kwenye zizi langu, nikampa na binti yangu. Toka!"

Aliyasema hayo kwa sauti, na mlango wazi. Majirani wakatoka ndani wakiwa na usingizi machoni, wakasikia kila neno. Makame akazimwaga kunde chini, akajifuta mikono. Akaenda zake. Na Kibibi, binti wa pekee, akakunja mkeka, akajitwika kichwani, akamfuata mumewe. Kwenye kona ya njia hakugeuka nyuma.

Bi Zuwena akabaki na pua yake.

Akasema sasa farasi yuko salama. Akamlisha mwenyewe, akamnywesha mwenyewe. Akaweka kigoda mlangoni mwa zizi. Siku ya kwanza, kimya. Siku ya pili, kimya. Siku ya tatu alikwenda kisimani, akarudi, akasikia: gru, gru, gru. Akadondosha mtungi.

Makame hayupo, na tumbo lipo!

Hapo kijiji kikaingia wazimu. Kama si Makame, ni nani? Jirani akaacha kuomba moto kwa jirani. Mtu akipita karibu na zizi, watu watatu wanamfuata. Mke alimnusa mumewe mikono. Waliozoea kula sinia moja, kila mmoja akala na mgongo ameupa mwenzake. Na siku za mbio, hizo zinakuja.

Jumbe Mwinchande, mkuu wa kijiji, mwenye tumbo lake na heshima zake, akaja kwa Bi Zuwena.

"Bibi, tumwite mganga apige bao, amtaje mchawi."

"Bao humtaja asiyependwa," akasema Bi Zuwena. "Juzi mimi nilikuwa bao, nikamtaja asiyependwa, na tumbo bado linanguruma. Sitaki bao. Atakayetaja ni Semeni mwenyewe."

"Farasi atasemaje?"

"Ana mdomo, Jumbe. Ng'ombe akipewa chakula kwa mkono, husahau. Farasi hasahau mkono uliomlisha. Akiuona tena huufuata, anaupekua kwa midomo. Kesho asubuhi kijiji kizima kipite mbele yake, mmoja mmoja, viganja wazi. Na Makame aitwe. Mtu hahukumiwi akiwa mbali."

Jumbe akakubali upesi. Watu wote wakakubali upesi. Mnajua kwa nini? Kila mmoja alijua kwamba yeye hana sumu, kwa hiyo aliye na sumu ni mwenzake. Wakaja asubuhi wamevaa nguo nzuri, kumtazama mchawi akishikwa.

Makame akaja na Kibibi, wakasimama mbali. Watu wakasema, "Apite yeye kwanza! Yeye kwanza!"

Makame akapita. Viganja wazi. Semeni akamwona, akakoroma kwa furaha, akamwekea kichwa begani. Akakaa hivyo. Lakini midomo yake haikushuka. Mkononi hakutafuta kitu. Kwenye shuka ya Makame hakutafuta kitu.

Watu wakanong'ona. Si yeye?

Akapita mwanamke mfinyanzi, mama mpole asiye na ugomvi na mtu. Semeni akanyoosha shingo. Fff, fff! Midomo ikaingia kwenye kiganja chake, ikalamba.

"Mchawi!" wakapiga kelele. "Mfinyanzi!"

"Jamani, mie!" mama akalia. "Nilimpa muwa tu! Kipande cha muwa!"

"Subirini," akasema Bi Zuwena. "Apite mwingine."

Akapita aliyepiga kelele kuliko wote. Fff, fff! Semeni akamshika upindo wa nguo, akauvuta. Akapita mwingine. Fff! Na mwingine. Fff! Mkulima, fff! Mshona viatu, fff! Mwalimu wa chuo cha Kurani, aliyesimama na tasbihi, fff! Jumbe Mwinchande akajaribu kupita haraka, ameshika kiuno. Semeni akatia mdomo kwenye kikoi chake, akachomoa donge la halua, akala mbele za watu wote.

Hakuna aliyecheka. Kijiji kizima kilisimama, kila mtu na kiganja chenye mate ya farasi.

Ndipo yule mfinyanzi akasema kwa sauti ndogo, "Lilikuwa tonge la siri."

Mnalijua tonge la siri? Ilikuwa desturi ya kijiji kile. Mtu akienda safari, akienda vitani, akiolewa, unampa tonge moja kwa mkono wako, pasipo mtu kuona. Ndiyo baraka yako kwake. Likionwa na mtu, baraka inaruka. Bi harusi hupewa matonge matano au sita, hana neno. Lakini Semeni alikuwa mshindi wa kijiji kizima. Nyumba arobaini zilimpenda. Kila nyumba ilinyemelea zizini, kwa upendo, kwa siri, na kiganja kimoja. Muwa, halua, tende, mihogo, kunde za nazi. Na wakiona mtu wanatupia kwenye chano na kukimbia. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake.

Matonge arobaini! Farasi yule alikuwa anauawa kwa mapenzi.

Watu wakashusha pumzi. Wengine wakaanza kutabasamu kwa haya. Basi hakuna mchawi! Lakini Kibibi akatoka pale alipokuwa amesimama, akaja katikati.

"Mama," akasema, "bado mmoja."

"Nani?"

"Wewe hujapita."

Bi Zuwena akacheka kidogo. Halafu hakucheka tena. Alitazama mikono yake, akaifumba. Angeweza kusema mimi ndiye mwenye farasi, mimi nina haki ya kumlisha. Nani angembishia? Lakini alikuwa mtu mkweli. Akapita. Hakufika hata karibu, Semeni alimfuata yeye. Fff, fff, fff! Akampekua kiganja cha kulia, cha kushoto, upindo wa kanga, akamsukuma kifuani kama mtoto anayedai chake.

"Viazi vitamu," akasema Bi Zuwena. "Vya kuchemsha. Kila alfajiri, tangu mwaka wa tatu. Kuliko ninyi nyote, mimi ndiye niliyempa zaidi. Nilizinusa kunde za wengine, kiazi changu sikukinusa."

Kisha akamgeukia Makame. Mbele ya watu wote, akavua ushungi, jambo ambalo mwanamke mzee halifanyi, akauweka chini. "Baba, nilikutukana mlango ukiwa wazi. Nakuomba radhi mlango ukiwa wazi. Hukuwa nyoka. Katika kijiji hiki, mkono safi ulikuwa wako peke yako, nami huo ndio niliouchoma. Nisamehe."

Makame akaokota ushungi, akaupangusa vumbi, akampa kwa mikono miwili.

"Jifunike, mama. Semeni nitampanda, maana yeye hajanitukana. Na watoto wa hapa hawana kosa, wasinywe tope. Na wewe kila asubuhi nitakuamkia, kwa kuwa ni mama wa mke wangu. Lakini nyumbani kwako sitakula."

"Mpaka lini?"

"Sijui, mama. Nikijua nitakwambia."

Kwa siku zilizobaki Jumbe alipiga mbiu: atakayemsogelea farasi na chakula atanyweshwa tope peke yake. Semeni akala mtama na majani, kwenye chano. Tumbo likatulia. Siku ya mbio ngoma ikalia. Kwatu-kwatu, kwatu-kwatu, kwatu-kwatu! Farasi wa Kijiji cha Juu alikuwa mpya, mweusi, mkali wa mbio. Kichuguu mara ya kwanza, mweusi. Kisimani, mweusi. Kichuguu mara ya pili, mweusi! Makame hakutumia kiboko. Alilegeza hatamu, akamwachia farasi kazi yake. Kwenye kichuguu mara ya tatu wakageuka ubavu kwa ubavu, na vumbi likawafunika, na hakuna aliyeona kitu. Watu wakashika vichwa. Vumbi likafunguka. Semeni huyo!

Akakimbia mwaka mmoja zaidi, akashinda, ndipo Makame akamvua hatamu kwa heri. Akazaa watoto watatu, na nasaba ikaendelea: fulani binti Semeni binti Zabibu. Akafa kwa uzee, watoto wake wakikimbia.

Na Bi Zuwena? Makame alijenga nyumba upande wa pili wa uwanja. Kila asubuhi, "Shikamoo, mama." "Marahaba, baba." Kisha anakwenda zake. Kila Ijumaa Bi Zuwena alipika wali, akaufunika kawa, akaupeleka. Kila Ijumaa jioni sahani ilirudi imejaa vilevile, kawa juu yake, na asante nyingi. Mwaka wa kwanza, imejaa. Mwaka wa pili, imejaa. Watu wakamwambia, "Bibi, acha kujichosha." Akasema, "Mimi nilimfukuza kwa pumzi moja. Si haki nimrudishe kwa pumzi moja." Akapika. Mwaka wa tatu, imejaa. Macho yakaanza kufifia, akapika.

Mwaka wa saba, Ijumaa moja, sahani ikarudi. Bi Zuwena akafunua kawa. Pembeni mwa wali, kwenye ukingo, palikuwa na shimo dogo. Tonge moja limetoka.

Moja tu.

Huenda alikula Makame. Huenda ni Kibibi, alimwonea mama yake huruma. Huenda ni kuku. Jirani akachungulia, akasema, "Bibi, muulize aliyeleta sahani! Muulize nani kala!"

Bi Zuwena akaketi chini, sahani mapajani, akalia kwa furaha. Na hakuuliza.

Nanyi mnaopenda kushuku, sikuwakataza. Dunia ina wauza mchanga. Lakini ukitaka kumshika mwenye kosa, anza kwa kufumbua kiganja chako. Na kabla hujamwita mtu nyoka, kumbuka kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Utakaa miaka saba ukichota tone kwa tone.

Hadithi yangu imefika kisimani, hapa ndipo ninapoifungua hatamu. Na chungu changu, naona, kimesogezwa. Nani kakisogeza, leo siulizi.